Krismasi Waliyomwandika Okeyo Marehemu

Mama Salome alipokufa, watoto wake walinipigia simu Migori wakaniomba nije Kosele nizungumze kwenye mazishi, dakika tatu tu, kama mmoja wa watu ambao mama yao aliwasaidia. Nilikwenda. Hema lilikuwa kubwa, wapishi nyuma ya nyumba walikuwa wakigombania sufuria, na kwenye karatasi ya ratiba waliandika kwamba marehemu ndiye aliyeanzisha Krismasi ya watoto wahitaji katika kanisa letu. Hilo ni kweli. Mwendesha ratiba akanipa kipaza sauti akatangaza, "Huyu mama aliachwa na watoto wawili wadogo, na Mama Salome akawavisha." Hilo si kweli, kwa sababu siku watoto wangu walipovishwa nilikuwa sijaachwa na mtu. Mume wangu alikuwa nyumbani, ameegemea mto, anasubiri kuambiwa kanisani kumekuwaje. Nilisimama pale nikamwona binti mkubwa wa Mama Salome akinitikisia kichwa kunitia moyo. Nikasema Mungu amlaze mahali pema, nikaketi. Sikutumia hata dakika moja. Mbili zilizobaki nazitumia hapa, na kama kuna mtu wa boma lile atakayeudhika, aniudhikie.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, watoto wawili, na cheti cha Form Four ambacho nilikiweka ndani ya karatasi ya plastiki chini ya nguo zangu, kana kwamba siku moja mtu angebisha mlangoni akakiuliza. Kosele walikonioa waliniita Nyar Migori, binti wa Migori, jina ambalo ukilisikia kila siku linakukumbusha kwamba pale wewe ni mgeni. Okeyo, mume wangu, alikuwa karani kwenye ghala la samaki Homa Bay, na tulikuwa tukiishi huko mjini katika chumba kimoja kilichonuka barafu na magamba, chumba ambacho leo nikikikumbuka nakiona kama ikulu. Mwanzoni mwa mwaka uliotangulia huu ninaousimulia alianza kukohoa. Kufikia Pasaka mkanda wake ulikuwa umeongezwa matundu matatu kwa msumari. Ghala likampa mkono wa kwaheri, na sisi tukarudi Kosele kwa mama yake, na godoro letu likarudi nasi.

Nyumba yetu pale bomani ilikuwa na vyumba viwili. Cha ndani kilikuwa na dirisha dogo lililotazama migomba, na Okeyo alikataa kulala humo, alisema ni giza na migomba inamnong'oneza. Tukahamishia kitanda sebuleni, kati ya kabati la vyombo na viti viwili vya mbao vyenye vitambaa nilivyovishona mwenyewe nikiwa bibi arusi mwenye matumaini. Kwa hivyo maisha yote yakawa sebuleni. Watoto walikula miguuni pa baba yao, mimi nilichambua dagaa wa omena pembeni ya kichwa chake, na wageni walioingia walikuta mgonjwa kabla hawajaona kiti. Mlango wetu ulitazamana na mlango wa mama mkwe. Alikuwa akiketi pale kwake tangu asubuhi, na bila kuinuka aliweza kujua nimepika nini kwa kutazama moshi, nimeenda kisimani mara ngapi, na nimekawia kiasi gani. Nikichelewa alisema kwa sauti ya kutosha, akiwaambia kuku, "Kuna watu wana waume wagonjwa na bado wana hadithi za kisimani." Kuku hawakujibu. Mimi pia sikujibu. Nilijifunza mwaka ule kwamba mtu anaweza kufungwa jela katika boma lisilo na hata ua.

Hospitalini Homa Bay daktari aliniita kando, akaniambia kwa Kiingereza cha taratibu mume wangu ana nini. Alitumia herufi nne, na mimi niliyesoma nilizielewa zote. Nilimwambia asante. Kisha nikarudi nyumbani na herufi zangu na sikuzitoa mdomoni hata siku moja, kwa sababu kwetu wakati ule ugonjwa ule ulikuwa na kila jina isipokuwa lake. Ulikuwa malaria iliyokataa dawa. Ulikuwa kifua. Mama mkwe alisema ni chira, ile laana inayomla mtu wa nyumba iliyovunja mwiko, na mvunja mwiko alikuwa mimi, eti nilipanda mahindi yangu kabla yeye hajapanda yake. Mahindi yenyewe yalikuwa mistari minne nyuma ya choo. Okeyo alimwambia, "Mama, kama mistari minne inaua mtu, wenye mashamba makubwa wangekuwa wameisha." Alipenda mzaha mume wangu. Ndio uliobaki wakati nyama ilikuwa imeondoka. Mimi mwenyewe nilipimwa miaka mingi baadaye, na majibu hayo ni yangu, si ya hadithi hii.

Mara moja nilijaribu kuondoka. Niliwaosha watoto asubuhi, nikamwambia mama mkwe tunakwenda kumsalimu kaka yangu, nikaenda Migori. Kaka yangu hakuwa mtu mbaya. Mke wake alitupa chai na viazi vitamu, akawatazama watoto, akatazama mfuko niliokuja nao, ambao ulikuwa mkubwa mno kwa safari ya salamu. Kaka akanitoa nje, tukasimama karibu na zizi lake. "Ng'ombe za Okeyo nilioa nazo," akasema, na mkono wake ukaelekea nyumbani, kwa mke wake aliyekuwa akiosha vikombe. "Nikikurudisha hapa, nitawarudishia watu wake nini? Nimrudishe huyu?" Nilirudi Kosele siku ileile. Okeyo aliniona nikiingia na mfuko, akasema tu, "Mmekula?" Alijua. Hakuwahi kuniuliza, na mimi hadi leo sijui kama ningemjibu.

Kwa hivyo mahali pangu pa kupumua palikuwa kikundi. Kila Alhamisi akina mama wa kanisa tulikutana sebuleni kwa Mama Salome, mwenyekiti wetu, mke wa mwalimu, mwanamke mpana wa sauti na wa moyo, sikatai. Kwake kulikuwa na chai ya maziwa matupu na mandazi ya moto. Mikutano ilikuwa kwa Kiswahili kwa ajili ya Boke, Mkuria aliyeletwa na mume wake kutoka Ntimaru, ambaye Kijaluo chake kilikuwa cha kununulia nyanya tu. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na Form Four, mwandishi wa kikundi nilikuwa mimi. Tulikuwa na desturi moja niliyoipenda kuliko zote. Kila mwaka, mvua za vuli zikianza, tuliandika majina yetu kwenye vipande vya karatasi, tukavitia ndani ya ungo, ukapetwa kama mtama, na kila mmoja akaokota. Jina uliloliokota ulilificha, na siku ya Krismasi ulimletea mwenye jina zawadi iliyofungwa. Mwaka uliotangulia nililetewa chupa ya chai yenye maua mekundu. Nilipoifungua nililia, na Boke akanicheka: "We mama, hiyo ni chupa, si mchumba."

Mwaka ule niliokota jina la Mama Salome mwenyewe. Nilikaa na kile kikaratasi kwa majuma nikikigeuza. Ningemletea nini mwenyekiti? Redio yetu ilikuwa imeuzwa, baiskeli imeuzwa, mbuzi ameliwa na hospitali. Awuor, binti yangu wa miaka saba, alikuwa amerudishwa nyumbani muhula wa tatu wote kwa sababu hakuwa na sare. Gauni lake la shule lilikuwa limekwisha hata kiraka hakikupata pa kushika. Mwalimu mkuu alimwambia asirudi mwezi wa kwanza bila sare, na ndugu yake mdogo, Odhiambo, naye alikuwa aanze pamoja naye. Na mimi nikalala nikiwaza zawadi ya kumpelekea mwanamke aliyekuwa na makabati mawili ya vyombo.

Ndipo Mama Salome akasimama Alhamisi moja akasema, "Akina mama, kila Krismasi mimi nakupa kikombe, wewe unanipa kikombe. Nyumba zetu zimejaa vikombe mpaka paka hana pa kulala. Na huko nje watoto wanatembea uchi. Mwaka huu tusipeane sisi kwa sisi. Tuchange, tuwashonee watoto wanaohitaji sare za shule, tuwape kanisani Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi."

"Mimi kikombe bado nataka," Boke akasema, na watu wakacheka.

Sikucheka mimi. Nilisikia mzigo ukinidondoka mgongoni kama kuni zilizokatika kamba. Sitamnunulia mtu kitu! Nilisimama kabla ya wengine wote, kalamu bado mkononi, na kwa furaha ile nikajifanya msomi. "Naunga mkono," nikasema. "Lakini tusiseme wahitaji tu. Iwe yatima peke yake. Tukisema wahitaji, kila mlevi wa Kosele ataleta wake, na baba yao ako hai anajiweza." Walipiga makofi. Mama Salome akasema, "Mmesikia kichwa iliyosoma?" Nikaketi nikaandika katika kitabu cha mkutano, kwa mwandiko wangu ulioinama vizuri kulia: yatima peke yake. Naapa kwamba sikuwafikiria wangu. Mtoto mhitaji nilikuwa na picha yake kichwani, na alikuwa wa mtu mwingine. Alikuwa yule anayelala karibu na soko mjini, mwenye kamasi zilizokauka. Mtu hawezi kuwa mwandishi wa kikundi na wakati huohuo akawa kwenye orodha.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwa Mama Salome mchana kumrudishia kile kitabu. Mvua ilikuwa imenyesha, miguu yangu ilikuwa matope hadi kwenye vifundo, nikapita nyuma ya jikoni niioshe kwenye pipa la maji ya paa. Jikoni kulikuwa na Mama Salome na wenzake wawili waliochaguliwa naye kuandika majina ya watoto. Ukuta wa jikoni ile ulikuwa wa udongo, na juu, kabla ya mabati, kulikuwa na uwazi wa kutolea moshi. Siku ile ulitoa moshi na maneno.

"Bado Nyar Migori."

"Bwana yake si ako?"

"Umemwona juzi? Kola ya shati inamzunguka mara mbili."

"Lakini ako. Sasa tuandike nini? Watoto wa mgonjwa?"

"Mchungaji ni mgeni hapa, atauliza mgonjwa wa nini. Utamjibu wewe?"

Nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria, mara mbili, mtu akipangusa uji.

"Mimi sijibu."

"Hata mimi."

"Basi andika marehemu. Krismasi bado wiki nne. Hatutakuwa tumedanganya, tutakuwa tumetangulia kidogo."

Na mmoja wao akacheka. Si kicheko kirefu, kilikuwa kile cha puani, cha mtu anayejua ni dhambi. Nimesamehe mengi ya mwaka ule. Kicheko kile bado ninacho.

Niliingia jikoni na matope yangu. "Mume wangu amekula uji asubuhi," nikasema. "Bakuli zima."

Wale wawili waliinuka wakatoka kana kwamba mbuzi wao ameingia shambani mwa watu. Mama Salome akabaki. Alivuta kigoda, akanikalisha, akaketi mbele yangu magoti yetu yakigusana. "Nyathina," akasema, mtoto wangu, "usipige kelele. Nakusitiri. Nikiandika mgonjwa, watu wataanza kuuliza. Nikiandika marehemu, hakuna anayeuliza kitu. Siku hizi nani anauliza?"

"Ondoa majina yao."

"Nitaondoa. Na mwezi wa kwanza Awuor atavaa nini?"

"Andika tu kwamba ni wahitaji."

"Si wewe ulisema yatima peke yake? Yule mama wa kule Kojwach nimemkatalia watoto wanne, bwana yake ameanguka kwa mti amevunjika mgongo. Nimemwambia imeandikwa kwa kitabu, mwandiko yako. Sasa nimwambie wako wanaingia kwa sababu gani? Wewe nipe neno moja la kumwambia, mimi nitaandika hilo neno."

Alinitazama akasubiri. Nilikuwa nalo neno. Nilikuwa nalo kwa Kiingereza, kamili. Nikatazama moto. Na huo ndio ukweli ninaoukasirikia zaidi ya kicheko: kwamba sote mle jikoni tulikuwa tayari mtu azikwe akiwa hai kuliko mmoja wetu aseme anaumwa nini, na aliyekuwa na sauti ya kulisema, aliyelipiwa shule akalisoma, alinyamaza kuliko wote. Nilitoka nikamwachia kitabu chake.

Siku tatu sikumwambia Okeyo. Siku ya nne nilimtoa nje kwenye jua nimnyoe ndevu, nikamkalisha kwenye kiti karibu na mlango na taulo shingoni. Kumnyoa mtu aliyekonda ni kazi ya uangalifu, wembe unakutana na mifupa ambayo haikuwepo. Hapo hakuwa na jinsi ya kunikatiza, mashavu yake yalikuwa na povu. Nikamwambia yote.

Nilimaliza shavu la kushoto. "Kwa hivyo nimekufa," akasema.

"Kwenye karatasi tu."

"Nilikufa na nini?"

"Hawajaandika."

"Wana adabu." Akacheka, kikohozi kikamshika, nikaondoa wembe nikangoja. Kilipomwachia akasema, "Mwambie Mama Salome nimekubali kufa Jumapili. Lakini Jumatatu nitataka chai, na iwe na maziwa."

"Baba Awuor, usicheze na kitu kama hicho."

"Nani anacheza? Nitawapa nini mimi? Hata shati langu siwezi kulijaza. Kama kufa siku moja kunamrudisha huyu mtoto shule, hiyo ni kazi rahisi kuliko zote nilizowahi kufanya. Nitakuwa nimelala tu. Nenda nao."

Hatukujua kwamba mama yake alikuwa amefika na bakuli la supu. Alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba, na supu ilikuwa ikimwagika taratibu mkononi mwake bila yeye kuhisi. Mwanamke yule tulichukiana kwa haki, lakini siku ile nilimwona uso nikataka kumshika. Hakumtazama mwanawe. Alinitazama mimi. "Mtu akiitwa marehemu na bado anakula," akasema, "kaburi linamsikia. Linaanza kumwita. Ukienda kupokea hizo nguo, wewe ndiye umemzika mtoto wangu, na mimi sitakaa boma moja na aliyemzika. Utatafuta kwenu." Kisha akaweka bakuli chini, juu ya kizingiti, akaenda zake.

Kwetu nilikuwa nimeshatafuta. Basi piga hesabu hiyo wewe unayesoma. Nikienda kanisani nafukuzwa, na kwa kaka yangu mlango umefungwa kwa ng'ombe. Nisipoenda, binti yangu anakaa mwaka mwingine akichunga kuku wa bibi yake, na mwaka ukipita hivyo kwa msichana, wewe mwenyewe unajua kinachofuata huwa si darasa. Wiki zile nilipika, nilifua, niligeuza mgonjwa asipate vidonda, na usiku na mchana kichwa changu kilizunguka sebule ile kikigonga ukutani. Watu husema mama aliyebanwa huomba. Mimi nilitukana. Nilitukana kimya kimya, nikichambua mchele, nikimenya viazi, nilimtukana Mama Salome na kaka na daktari na herufi zake, na nikifika mwisho wa orodha nilimtukana mwanamke yule aliyesimama na kalamu akisema yatima peke yake.

Jumapili ile niliwapaka watoto mafuta, nikatoka nao. Mama mkwe alikuwa mlangoni kwake. Hakusema neno, hata kwa kuku.

Kanisa lilikuwa limejaa. Mbele, mezani, sare zilipangwa zimekunjwa, gauni za kijani na kaptula na sweta, zinanukia ile harufu tamu ya kitambaa kipya. Watoto wakapangwa mstari. Awuor alisimama wima kama askari, akimshika mdogo wake mkono. Mama Salome aliomba, kisha akaanza kusoma, na kila jina la mtoto lilifuatwa na jina la marehemu wake, na watu wakaitikia kwa mguno wa huruma. Akafika kwetu. Akasoma haraka, bila kunyanyua macho: "Awuor na Odhiambo, watoto wa marehemu Okeyo."

Hapakuwa na mguno. Kisha mzee mmoja wa viti vya nyuma, asiyesikia vizuri na kwa hivyo anayesema kwa sauti ya kuita ng'ombe, akauliza, "Okeyo? Amekufa lini? Mbona hatujaitwa matanga?"

Watoto wakacheka. Mtu akamvuta koti. Boke, aliyekuwa kando yangu, akaninong'oneza, "Kwani jana si nilimwona?" Na mke wa yule aliyevunjika mgongo, yule wa Kojwach, akasimama. Hakuwa na watoto wake mle ndani. Alisimama tu, mikono tumboni, akinitazama.

Mchungaji alikuwa kijana, ndiyo kwanza aletwe kwetu. Akashuka kutoka madhabahuni akanijia, uso wake una huruma ya kweli. "Mama," akaniuliza, "baba ya hawa watoto ameaga?"

Nimesikia watu wakisimulia kwamba wakati kama ule dunia husimama. Yangu haikusimama. Niliona kila kitu kikiendelea: nyigu mmoja akijenga kwenye mbao ya paa, kidole cha Mama Salome kikibaki juu ya jina letu kwenye karatasi, mwanamke wa Kojwach akibadilisha mguu. Niliona mkono wa Awuor ukiwa umegusa tayari ukingo wa gauni la kijani, kidole kimoja tu, kuona kama linateleza. Naye alikuwa amegeuka ananitazama, kwa sababu swali lile alikuwa na jibu lake, alikuwa amempelekea baba yake maji ya kunawa asubuhi ileile.

"Ndiyo," nikasema. "Ameaga."

Mchungaji akaniwekea mkono begani. Watu wakaguna sasa, mguno wote. Watoto wangu wakapewa, na mimi nikasema asante kwa kipaza sauti kama wengine.

Okeyo alikufa mwezi wa pili, na mama yake aliomboleza kaburini akitaja Krismasi na akinitaja mimi, na watu walidhani ni uchungu tu unamsemesha. Hakunifukuza. Alikuwa amechoka sana kunifukuza, au labda alihitaji mtu wa kumlaumu aliye karibu. Hayo yote yalikuwa bado mbele. Jumapili ile tulitembea kurudi nyumbani watatu, vifurushi kichwani, na katika njia nzima Awuor hakuniuliza kitu. Nilimsubiri aulize. Nilikuwa nimeandaa maneno, nitasema watu wazima wana mambo yao, nitasema baba mwenyewe alikubali. Hakuuliza. Alitembea mbele yangu akimkwepesha mdogo wake madimbwi.

Okeyo alikuwa macho, ameketi, shati safi. Sijui alilivaaje peke yake. "Haya," akasema, "wavae niwaone."

Nikawavalisha pale pale mbele ya kitanda, nikapata kisingizio cha kutomtazama. Odhiambo alitaka kuvua mara moja, sweta linamwasha. Awuor alijifunga vifungo mwenyewe hadi cha shingoni. Kisha baba yake akauliza, na hakuniuliza mimi, alimuuliza yeye, na hakukuwa na mzaha wowote katika sauti ile. Mtu anaweza kukubali jambo kwa mdomo akiwa na povu mashavuni, na siku likitendeka akagundua hakuwa amelikubali.

"Awuor, walipoita jina lako, walisemaje kunihusu?"

Nilishika nguzo ya kitanda. Mtoto alinitupia jicho, mara moja tu, jicho la mtu mzima anayekuambia kaa kimya mimi nitaongea.

"Walisema wewe ni mgonjwa, baba," akasema. "Wakakuombea. Hata mchungaji aliomba sana."

"Walisema mgonjwa? Mbele ya watu wote?"

"Ee. Wote wakasema amina."

Kama Okeyo aliamini, sijui. Tuliishi wiki saba zaidi katika sebule ile na hakulitaja tena. Alimwita kwa kidole amkaribie. Akashika sweta pale begani, kwenye mshono, akalivuta kidogo kwa kila upande, kama fundi.

"Ni kubwa," akasema. "Vizuri. Hii utafika nayo darasa la nne."